Lango la Rotterdam mjini Delft: tumwamini Rademaker au Vermeer?

Swali la msomaji: "Huu ni mwaka wangu wa sita nikiishi Rotterdam. Hivi karibuni nilikwenda na binti yangu The Hague, katika makumbusho ya Mauritshuis, tukaitazama picha ya mchoraji wa Kiholanzi Vermeer inayoonyesha mji wa Delft kutoka ng'ambo ya maji. Siku chache baadaye nikapata nakala ya mchoro wa zamani wa Abraham Rademaker unaoonyesha malango yaleyale mawili, la Schiedam na la Rotterdam. Nilipoviweka pamoja nilishangaa. Majengo ni yaleyale, lakini hayafanani. Katika mchoro yamesongamana na kurefuka, na ile minara pacha ya lango la Rotterdam imetokeza mbele. Katika picha ya Vermeer kila kitu kimetulia na kujipanga sambamba na maji. Binti yangu akaniuliza ni nani kati yao aliyedanganya, nikakosa jibu. Je, lango lenyewe lilikuwaje hasa, na tunaweza kulijua vipi ilhali halipo tena?"

Ndugu msomaji,

Nakushukuru kwa swali hili, na umshukuru binti yako kwa niaba yangu, kwa sababu swali alilokuuliza ndilo ambalo wanaotafiti picha za miji ya kale hujiuliza kila wanapofungua jalada jipya. Nitaanza na jibu, kisha nieleze sababu zake. Ikiwa unachotaka kujua ni umbo la lango lenyewe, yaani lilisimama wapi, lilitokeza kiasi gani na sehemu zake ziliunganikaje, mwamini Rademaker kwanza. Vermeer hakudanganya, ila kazi aliyokuwa nayo haikuwa ya kupima lango. Na Rademaker naye, pamoja na uaminifu wake, hatuwezi kumpokea bila kumhoji.

Tuanze na mahali penyewe. Picha zote mbili zimechukua upande wa kusini wa Delft, pale mfereji wa Schie unapoingia mjini. Mbele ya malango palikuwa na bandari ndogo iliyoitwa Kolk, iliyochimbwa mwanzoni mwa karne ya 17, ambamo vyombo vilikusanyika kabla ya kuingia mjini au kuondoka kuelekea Rotterdam, Schiedam na Delfshaven. Anayesimama ukingo wa kusini wa Kolk anatazama kaskazini. Kushoto kwake, upande wa magharibi, palikuwa na lango la Schiedam, lenye saa ukutani. Kulia kwake, upande wa mashariki, palikuwa na lango la Rotterdam, lenye minara miwili iliyofanana kama ndugu wa tumbo moja. Katikati ya malango hayo palikuwa na daraja lililoitwa Kapelsbrug, na maji ya mji yalipita chini yake. Kumbuka mpangilio huu, Schiedam kushoto na Rotterdam kulia, maana tutauhitaji tena.

Sasa, lango la mji katika nchi ile halikuwa mlango uliotobolewa ukutani na kutiwa makomeo, na hapo ndipo kiini cha swali lako kilipo. Lilikuwa jengo zima, na mara nyingi lilikuwa majengo mawili. Jengo kuu lilikaa kwenye mstari wa ukuta wa mji, likiwa na njia ya kupita chini na vyumba juu yake. Mbele ya jengo hilo, kuelekea nje, lilijengwa lango la pili, dogo zaidi, na malango hayo mawili yaliunganishwa kwa kuta mbili zilizoacha uwanja mwembamba katikati. Sababu yake ilikuwa ya kivita: adui aliyefanikiwa kuvunja lango la nje alijikuta ndani ya uwanja ule, amezungukwa na kuta pande zote, huku walinzi wakimshambulia kutoka juu kabla hajaligusa lango kuu. Lango la Rotterdam lilikuwa la aina hiyo, na ile minara pacha ilikuwa ya lango la nje.

Ukishaelewa hivyo, mchoro wa Rademaker unaanza kusomeka. Minara pacha haikuwa sehemu ya jengo lililo nyuma yake. Ilitangulia mbele kwa urefu wote wa ule uwanja. Kwa hiyo mtu aliyesimama ng'ambo ya Kolk aliiona ikiwa karibu naye zaidi kuliko jengo kuu, na kuta zilizoviunganisha zilionekana zikikimbilia nyuma. Mchoraji anayetaka kutueleza jengo lilivyojengwa hana budi kuonyesha umbali huo, na Rademaker ameuonyesha. Umbo analotupa linaendana na kazi ya jengo, na kwangu huo ni ushahidi wenye uzito, kwa sababu mchoraji anaweza kukosea vipimo, lakini ni vigumu kwake kubuni kwa bahati tu umbo ambalo mjenzi wa ngome angelihitaji.

Vermeer alilijua hilo vizuri. Alizaliwa Delft mwaka 1632, akafia huko mwaka 1675, na bila shaka alipita chini ya malango hayo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Picha yake, iliyochorwa karibu na mwaka 1660 na 1661, imefanyiwa uchunguzi wa kina, na watafiti walipoilinganisha na michoro na ramani za wakati ule waliona jambo moja likijirudia: alilaza na kunyoosha. Daraja lililokuwa na mgongo amelinyoosha. Majengo yaliyokuwa marefu na yaliyobanana ameyapa nafasi na kuyashusha, mpaka mji mzima umekuwa ukanda mmoja mrefu kati ya mbingu na maji. Minara pacha, ambayo ilipaswa kumjia mtazamaji, ameigeuza ikae karibu sambamba na uso wa picha.

Picha za eksirei zimeonyesha zaidi ya hapo. Kivuli cha minara pacha ndani ya maji hakikuwa hivyo tangu mwanzo. Vermeer alikirefusha baadaye hadi kikagusa ukingo wa chini wa picha, jambo ambalo maji ya kawaida yasingelifanya kwa mtu aliyesimama mahali pale. Upande wa kulia mbele, nyuma ya wale wanawake wawili wanaozungumza mchangani, aliwahi kuchora mwanamume mwenye kofia, kisha akamfuta kwa kumpaka rangi juu. Mtu aliyekuwa akinakili tu alichokiona asingehangaika hivyo. Vermeer alikuwa akitafuta utulivu fulani wa asubuhi, na kila kilichouvuruga alikiondoa au alikisogeza. Wapo wanaosema kwamba alitumia kisanduku chenye giza ambacho huangusha taswira ya nje juu ya ukuta au karatasi kupitia lenzi. Hata kama alikitumia, kisanduku hicho hakinyooshi madaraja. Uamuzi ulikuwa wa mkono wake.

Mwambie binti yako, basi, kwamba Vermeer alipanga upya alichokiona, na kwamba mpangilio huo ndio unaotufanya tusimame mbele ya picha ile na kunyamaza. Ila tusiutumie kupimia kuta.

Nimesema Rademaker naye anahitaji kuhojiwa. Alizaliwa mwaka 1676 au 1677, yaani mwaka mmoja au miwili baada ya kifo cha Vermeer, akafariki Haarlem mwaka 1735. Mtu aliyezaliwa wakati huo hawezi kuwa shahidi wa Delft ya mwaka 1660. Anachokuonyesha ni malango yaleyale kama yalivyokuwa kizazi kimoja au zaidi baadaye, na katika muda huo paa linaweza kuezekwa upya, dirisha kuzibwa, banda kuongezwa kando ya ukuta. Kwa umbo kubwa la jengo, tofauti hiyo ya miaka haituumizi sana, kwa sababu kuta zenye unene ule hazihamishwi kirahisi. Kwa mambo madogomadogo inatuumiza, na usije ukachukua kila dirisha katika mchoro wake ukalipachika katika mwaka wa Vermeer.

Jambo la pili kumhusu ni zito zaidi. Mwaka 1725 Rademaker alitoa mkusanyiko wa picha 300 zilizochapwa za majengo ya kale na mandhari za Uholanzi, na kazi hiyo ilipendwa sana. Lakini nyingi kati ya picha hizo hazikutokana na safari zake mwenyewe. Alichukua michoro ya watu waliomtangulia, akaichora upya kwa mkono wake na kuichapa. Ndiyo maana chini ya picha za aina hii utakuta mwaka ambao ni wa zamani kuliko mchoraji mwenyewe: mwaka huo unaeleza hali ya jengo, au umri wa mchoro uliofuatwa, wala si siku ambayo kalamu ilishikwa. Nimeona watu wenye elimu kubwa wakiteleza hapo. Wanasoma tarakimu zilizo chini ya picha, wanazichukua kuwa tarehe ya kuchorwa, na kutoka hapo hoja nzima inapinda.

Kwa nini watu kama yeye walichora malango hata kidogo? Kwa sababu palikuwa na wanunuzi waliokuwa na shauku. Katika karne ya 17 na hasa ya 18, watu wenye uwezo huko Uholanzi walikuwa wakikusanya picha za nchi yao, mji kwa mji na jengo kwa jengo, wakizihifadhi katika majalada makubwa waliyoyaita atlasi. Andries Schoemaker, mfanyabiashara wa vitambaa wa Amsterdam, ni mfano mzuri: alisafiri nchini pamoja na wachoraji Cornelis Pronk na Abraham de Haen, wakichora makanisa, ngome na malango walikopita. Mnunuzi wa aina hiyo alitaka alitambue jengo, ahesabu minara yake na aone njia inapoingilia. Mchoraji aliyemlazia daraja ili picha itulie angekuwa amemnyima kile alicholipia. Kwa hiyo unapoulizia uaminifu wa mchoro, uliza kwanza nani alikuwa anausubiri. Nyakati nyingine sababu ilikuwa ya haraka zaidi: tufani ya tarehe 1 Agosti 1674 ilipoangusha sehemu ya katikati ya kanisa kuu la Utrecht, Herman Saftleven alikwenda na karatasi zake akayachora magofu. Sehemu ile haikujengwa tena, na michoro yake imebaki kuwa njia yetu kuu ya kuyaona maangamizi yale.

Turudi Delft, kwa sababu yupo shahidi wa tatu ambaye hukumtaja. Kati ya mwaka 1675 na 1678 mji wenyewe uligharamia ramani kubwa iliyosimamiwa na Dirck van Bleyswijck, mwandishi wa historia ya Delft, na ramani hiyo inajulikana kwa jina la Kaart Figuratief. Majengo yamechorwa kana kwamba unayatazama ukiwa juu, kama ndege, hivyo unaona paa na uwanja kwa pamoja. Ni ya miaka michache tu baada ya picha ya Vermeer, na ilitengenezwa na watu waliokuwa na njia ya kupima. Nayo ina upendeleo wake, kwa kuwa mji ulikuwa unajionyesha kwa wageni na haukuwa na haja ya kuweka wazi uchakavu wake. Lakini katika jambo tunalolijadili, yaani ule utokezaji wa lango la nje la Rotterdam, ramani inakubaliana na mchoro wa Rademaker. Mashahidi wawili wasiofanya kazi moja, mmoja akiangalia kutoka juu na mwingine kutoka ng'ambo ya maji, wanaposema jambo lilelile, mimi huridhika.

Sasa nikuonyeshe jinsi ya kuusoma mchoro wa aina hii kwa macho yako mwenyewe, kwa kuwa nakala uliyo nayo inaficha mambo mengi ambayo karatasi ya asili huyasema. Kawaida ya wachoraji hawa ilikuwa kwenda mahali na kuchora haraka kwa chaki nyeusi au kalamu ya risasi, kisha kuimalizia kazi nyumbani, mezani. Hapo walipitisha wino kwa kalamu iliyochongwa kutoka unyoya wa bata bukini, na mwisho wakalaza vivuli kwa brashi yenye maji na wino mwepesi wa kijivu au wa kahawia. Ukiushika mchoro halisi karibu na dirisha na kuukagua kwa lenzi, mara nyingi utaona mistari miwili mahali ambapo macho ya kawaida yanaona mmoja: wa chaki, hafifu, wenye chembechembe zilizokaa juu ya vinundu vya karatasi, na wa wino, ulionywea ndani. Pale ambapo mistari hiyo haipatani, simama hapo. Mchoraji alipoona mnara alichora mstari mmoja. Alipofika nyumbani akautengeneza uwe mwingine. Nusu sentimita hiyo ya tofauti ni mahali ambapo unamwona mtu akibadili mawazo yake miaka 300 iliyopita, na mimi huipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya mchoro.

Angalia pia kivuli. Wino uliolazwa kwa brashi ukiwa mwingi huacha ukingo mweusi unapokauka, kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Fuata kingo hizo, nawe utajua mwanga ulitokea wapi. Katika picha ya Vermeer tunatazama kaskazini na mwanga unatokea kulia, kwa hiyo ni asubuhi, na saa iliyo kwenye lango la Schiedam, kwa usomaji wa wengi, inaonyesha saa moja na dakika chache. Jua na saa vinapatana. Katika mchoro wowote wa lango, jiulize kama jua lililochorwa lingeweza kufika upande ule. Ukikuta ukuta unaotazama kaskazini unawaka jua la adhuhuri, jua kwamba mchoraji aliongeza vivuli akiwa nyumbani ili jengo lionekane na unene, au kwamba picha imegeuzwa.

Na hilo la kugeuzwa ni la kawaida mno. Mchoro ulipopelekwa kuchapwa, mchongaji aliuhamishia kwenye bamba la shaba kama ulivyo, na bamba lilipogandamizwa kwenye karatasi, kushoto kukawa kulia. Wachongaji makini waliugeuza mchoro kabla ya kuchonga ili chapa itoke sawa. Wasio makini, au wenye haraka, hawakufanya hivyo. Hapa ndipo ule mpangilio niliokuomba uukumbuke unapokuja na faida. Ukikutana na chapa ya Delft kutoka kusini yenye minara pacha upande wa kushoto, huna haja ya kutafuta maelezo marefu: mchoro haukugeuzwa kabla ya kuchongwa. Chapa utaitambua kwa alama ya bamba, ule mfinyo wa mstatili unaouzunguka mchoro, ambao kidole kikipita juu yake kinausikia. Ukitumia lenzi na kuona vidoadoa vilivyopangwa kwa utaratibu, basi ulicho nacho si mchoro wala chapa ya zamani, bali nakala ya mashine za kisasa, kama ninavyodhani ndivyo ilivyo hiyo ya kwako. Hakuna ubaya. Nakala nzuri inatosha kabisa kwa kazi ya kulinganisha umbo.

Niseme kidogo kuhusu maneno "kutoka uhai", ambayo kwa Kiholanzi cha wakati ule huandikwa chini ya michoro kumaanisha kwamba kitu kimechorwa mbele ya macho ya mchoraji. Yanatia moyo, lakini si kiapo. Yaliandikwa pia kwa sababu yaliuza. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo sababu yetu ya kuwa waangalifu na jambo hili, maana mwaka 1572 huko Köln, Ujerumani, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao kikubwa cha picha za miji ya dunia, na ndani yake Mombasa na Kilwa zimo katika ukurasa mmoja na Aden na Sofala. Picha zile zilichongwa mbali sana na Bahari ya Hindi, kwa kufuata habari na michoro ya watu wengine. Anayezitumia kupima kuta za Kilwa atapotea, lakini anayezitumia kujua Ulaya ilivyoiwazia Kilwa atapata kitu cha thamani. Mchoro wa lango la Delft nao uulize kile unachoweza kukujibu.

Umetaja pia kwamba lango halipo tena. Ili kuelewa kwa nini lilibomolewa, lazima tukumbuke lilifanya nini wakati wa amani, ambao ulikuwa sehemu kubwa ya maisha yake. Lilifungwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Katika miji mingi ya Uholanzi aliyechelewa alilipa ada ndipo afunguliwe, na bidhaa zilizoingia mchana, nafaka, vinywaji, nyama, kuni, zilikaguliwa hapo ili mji upate ushuru wake. Mashua za abiria zilizokokotwa na farasi aliyetembea ukingoni ziliondoka kwa ratiba kutoka mbele ya malango kama hayo, na ukiitazama tena picha ya Vermeer utaiona mojawapo imefungwa upande wa kushoto, karibu na watu waliosimama kungoja. Lango lilikuwa forodha, kituo cha usafiri na kituo cha ulinzi kwa wakati mmoja.

Kazi hizo ziliondoka moja baada ya nyingine. Mizinga ilikuwa imeshazifanya kuta nyembamba za zama za kati zisiwe na maana vitani. Kilichobaki ni gharama za kulitengeneza jengo la kale lenye unyevunyevu, ambalo njia yake ilikuwa nyembamba kwa mikokoteni ya wakati mpya. Delft iliyabomoa malango ya Schiedam na Rotterdam katika miaka ya 1830. Kwingineko nchini ushuru wa miji ndio uliyaweka malango hai kwa muda zaidi, na ulipofutwa kwa sheria mwaka 1865 yalipoteza sababu ya mwisho ya kuwapo. Kisha sheria ya ngome ya mwaka 1874 ikaifungulia miji mingi njia ya kuvunja kuta zao. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, Victor de Stuers alichapisha makala kali akiishutumu nchi yake kwa kuangamiza majengo ya kale bila kujali, na makala hiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa uhifadhi wa majengo ya kale unaosimamiwa na serikali ya Uholanzi. Kwa malango mawili ya Delft ilikuwa imechelewa kwa takriban miaka 40. Nikilifikiria hilo huwa nasikitika kweli, kwa sababu kilichovunjwa pale kwa ajili ya kupanua njia ni jengo ambalo leo watu wanavuka bahari kuja kulitazama kwenye turubai.

Lakini hukukosa yote. Delft ina lango moja lililobaki, Oostpoort, yaani lango la mashariki, lililojengwa karibu mwaka 1400. Minara yake miwili myembamba iliongezwa ghorofa yenye pembe nane na vilele virefu vilivyochongoka mwanzoni mwa karne ya 16, na mbele yake lipo daraja jeupe la kuinuliwa. Lilichorwa mara nyingi, na nakala za michoro hiyo zinapatikana bila malipo katika tovuti za nyaraka na makumbusho za Uholanzi. Ningekushauri uchague mchoro mmoja wa karne ya 18, uende nao pale pamoja na binti yako, na mtafute kwa miguu mahali aliposimama mchoraji. Sogeeni kushoto na kulia mpaka minara ikae kama ilivyo kwenye karatasi. Mkipapata, tazameni ni kitu gani hakikai sawa hata mkisogea vipi, kwa sababu hicho ndicho alichokibadili mchoraji, au ndicho kilichobadilishwa na mafundi tangu wakati huo.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kando ya maji hadi Hooikade, upande wa kusini wa Kolk, mahali panapohesabiwa kuwa ndipo Vermeer alipotazamia mji. Nendeni asubuhi. Mnara wa Kanisa Jipya, ambao yeye ameupaka jua wakati malango yakiwa kivulini, bado unaonekana kutoka pale, ingawa kilele chake cha sasa ni kazi ya msanifu majengo Pierre Cuypers baada ya radi kukipiga cha zamani mwaka 1872. Shikeni mchoro wa Rademaker mbele yenu, mnara wa kanisa ukiwa nyuma yake, kisha mwambie binti yako akuonyeshe kwa kidole, juu ya maji yale, minara pacha ingeanzia wapi na ingetokeza kiasi gani kuelekea kwenu.